Usimngoje Mtu

Mke wa mwanangu Zadock anaitwa Pamela, lakini hapa Karungu hakuna anayemwita hivyo. Sisi humwita mke kwa kule alikotoka, na yeye alizaliwa Kendu Bay. Kwa hiyo ni Nyar Kendu, binti wa Kendu. Aliolewa kwetu mwaka wa Uhuru, akaja na sanduku zito sana. Nilidhani ni vyombo. Kumbe nusu yake ilikuwa magazeti.

Gazeti lenyewe liliitwa Nuru ya Jikoni. Lilitoka Nairobi kila mwezi, kwa Kiswahili, na lilikuwa limeanza miaka michache tu kabla ya hapo, wakati mabibi wa maendeleo walipokuwa wakizunguka kuwafundisha wanawake kushona na kuoka keki ndani ya sufuria. Nyar Kendu alilifuata dukani mwenyewe, na Jumapili jioni akina mama walikusanyika kwangu awasomee. Alisoma kwa Kiswahili, kisha akaeleza kwa Dholuo, lugha yetu.

Mimi nilisoma kidogo, herufi zikiwa kubwa naziweza. Nilisikiliza nikiwa mlangoni, kwa sababu niliogopa. Lilisema mjamzito ale mayai, na sisi tulilelewa kwamba mayai si ya wanawake. Lilisema jiko liwe na dirisha, nami nikajiuliza ni nani atakayechungulia. Lakini wenzangu walilishika. Haikupita muda kila boma lilikuwa na kichanja cha kuanikia vyombo, na kurasa za zamani zimebandikwa ukutani. Zilizobaki zilifungia omena, dagaa wa ziwa letu, sokoni. Jirani yangu Phelesia, ambaye ulimi wake haupumziki, alisema siku hizi hata omena wa Karungu wanajua kuoka keki.

Basi ukaja ukurasa wa shamba. Maneno yake nayakumbuka: "Mvua ya kwanza ikidondoka, panda. Usimngoje mtu."

Kwetu mtu hungojwa. Mama wa boma ndiye anayetoa mbegu na kupanda kwanza, kisha mke wa mwana mkubwa, kisha anayemfuata. Anayeruka zamu huleta chira, laana ya kuvunja mila: mtoto anakonda, anakonda, mpaka anaisha. Sisi ni Wasabato, na kanisani tunaambiwa chira haipo. Kanisani naamini. Nyumbani nimeona watoto wakizikwa.

Mwaka ule mvua iliwahi. Mimi nilikuwa nangoja ya pili, maana ya kwanza hudanganya. Asubuhi moja nilipokuwa nikienda ziwani kuchota maji nikapita shamba la Nyar Kendu, nikaona mahindi yamechomoza, mistari imenyooka kama uzi. Roseline, mke wa mwanangu mkubwa Javan, alikuwa hajalinoa hata jembe. Sikupiga kelele. Nilichuchumaa nikaanza kuifunika ile miche kwa udongo, mmoja mmoja, asije mtu akaiona.

Nilipomwuliza, alileta gazeti akanionyesha kwa kidole. "Mama, limesema usimngoje mtu."

"Kwa hiyo mtu ni mimi?"

Akalikunja gazeti. Nadhani ndipo alipofahamu, kwa maana kule kwao mila ni hiyo hiyo.

Miche niliyoifunika ilichomoza tena, nami nilikuwa bado sijatoa mbegu. Mahindi yalipofika magotini, mtoto wake Cephas, aliyekuwa ameanza kukaa, akashikwa na kikohozi. Akakataa kunyonya. Mbavu zikaonekana. Nilitaka tumnyweshe manyasi, dawa ya miti ya kuondoa chira. Nyar Kendu akakataa, akasema hatamwagia mwanawe majani kooni, na kwamba gazeti linasema mtoto wa kifua apelekwe hospitali. Zadock alikuwa mbali, akifanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Phelesia akasema mbele ya watu ziwani kwamba mahindi yanapanda na mtoto anashuka. Tangu hapo niliogopa kumtazama mjukuu wangu, na niliogopa kumwacha.

Asubuhi moja aliamka anavuta pumzi mpaka tumbo linaingia ndani. Nyar Kendu akafunga mzigo wa kwenda Homa Bay. Lori la samaki lilikuwa halijafika.

Nikamwambia, "Mpeleke. Sikuzuii. Lakini kabla lori halijaja, ng'oa mahindi yako, nipande mimi kwanza."

Kisha akanipa mtoto, akaingia shambani. Aling'oa kwa mikono miwili, analia, anatupa nyuma. Roseline alikuja akaanza upande wa pili bila kuuliza. Mimi nilimfunga Cephas mgongoni, nikachukua mbegu zangu, nikapanda. Kifua chake kilikuwa kinakoroma juu ya uti wa mgongo wangu. Kila nilipoinama kilinyamaza, nami nikasimama mpaka nikisikie tena. Nilikuwa nimefika katikati ya mstari honi ya lori ilipolia.

Huko walisema ni nimonia, wakamchoma sindano. Waliporudi alikuwa mzito mikononi.

Nyar Kendu husema ni sindano. Phelesia husema ni mahindi. Mimi nikiulizwa namtuma anayeuliza akaniletee kuni nje. Naogopa kuchagua, nisije nikamkosea yule aliyemponya.

Gazeti lilikoma mwaka jana. Mwenye duka alisema tu haliji tena, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Lakini kila mwaka tone la kwanza likigusa bati, Nyar Kendu yuko mlangoni kwangu, ameshika jembe langu na kikapu changu cha mbegu.

"Mama, imedondoka."

"Hiyo ni ya uongo."

"Gazeti lilisema nisimngoje mtu. Wewe ndiye mtu mwenyewe. Toka."

Natoka. Siku hizi hakuna boma Karungu linalotutangulia kupanda. Roseline anasimama nyuma yangu, Nyar Kendu nyuma ya Roseline, wananingoja nimalize mstari wangu. Naitazama mbingu nikiwaza kwamba mvua ikikatika mbegu zitaoza, na itakuwa ni mimi niliyezitoa. Halafu nafukia, na huku nasikiliza kule nyumbani kama kuna mtoto anayekohoa.