Tusekile na Kompyuta Isiyoharakishwa

Dada Tusekile ana duka la kutoa kopi pale Mwanjelwa, Mbeya, ubavuni mwa cherehani yangu. Ndani mna kompyuta kongwe inayocheza chesi, na kompyuta hiyo ilimnyima raha mwaka mzima. Jumamosi wachezaji wa Iringa walikuwa wanakuja kupambana na wetu. Tusekile anatufunga sote mtaani, mimi nikiongoza kwa kufungwa, lakini alikuwa ameapa: maadamu kompyuta bado inamfunga, mashindanoni haendi. Nilichukia kwelikweli. Mtu ajinyime sherehe kwa sababu ya bati lile!

Kosa lilikuwa la malezi. Kwao Tukuyu mgeni haharakishwi, anaachwa ale hadi ashibe. Basi mchezo ulipomuuliza Tusekile kompyuta ipewe muda gani wa kufikiri, akaweka dakika nzima kwa kila hatua. Yeye mwenyewe anajibu chapuchapu huku anatoa kopi za vyeti. Mteja akigusa kibodi, anakemewa: "Mwache, anafikiri!"

Ijumaa akaja shemeji yake, Liberatus, mwalimu wa Iringa anayesimamia mashindano. Alipoiona ile dakika alicheka mpaka akakalia boksi la karatasi.

"Shemeji, unamnenepesha adui! Huyu ukimpa sekunde moja anachungulia hatua tatu mbele. Ukimpa dakika anafika sita."

"Dakika nzima kwa hatua tatu tu za nyongeza?"

"Kila akienda hatua moja mbele, njia zinazaana kama sungura, na lazima azipitie. Lakini hizo tatu ndizo zinazokunyoa."

Akaweka sekunde moja. Kompyuta ikaanza kucheza kwa pupa, ikadaka askari wa bure, isione kwamba malkia wake anategwa. Tusekile akashinda. Mimi nikapiga mluzi, yeye akanuna.

"Nimemfunga mgeni niliyemnyang'anya sahani," alisema. "Hiyo siihesabu."

Akairudishia dakika yake. Nilitamani kuchomoa waya wa umeme.

Ila safari hii naye alitulia. Wateja wakaambiwa wasubiri. Mashine ilipofikiri, naye alifikiri, na zamu yake ilipofika hakukurupuka, alikaa mikono mapajani akitazama ubao kwenye skrini. Walikulana taratibu mpaka jioni wakabaki wafalme wawili watupu wanazungukana, hakuna wa kumfunga mwenzake. Sare!

Vigelegele alivyopiga, muuza ndizi wa ng'ambo alidhani kuna harusi. Mimi nilifurahi hadi nikashonea mkono wa shati la watu kwenye mfuko wake.

"Niandikishe, shemeji," alisema Tusekile, akifuta machozi ya kicheko. "Na hao wenzako wa Iringa wape muda wao wote. Kesho na mimi nitautumia wangu."