Alizeti Kwenye Grenda

Mtu wa kwanza kunicheka alikuwa kaka yangu, mwenye karakana ya Milanzi aliyenifundisha ufundi. Vyuma vya aloi ngumu vilikuwa vinaungua kwenye jiwe la grenda. Maji hayakutosha kuupoza moto ule, na mafuta maalumu ya mashine hatukuyamudu. Nikafunga mpira wa dripu ya hospitali kwenye chupa ya mafuta ya alizeti, na upepo mdogo wa kompresa ukapeleka matone pale pale jiwe linapogusa chuma. Vijiko viwili vya mafuta vilimaliza kazi nzima, na chuma kilitoka safi, hakina hata doa.

"Unakaanga chuma?" kaka aliniuliza. Karakana ilinukia maandazi, na hilo lilimuudhi kuliko vyuma vyote tulivyokwisha kuviharibu.

Ndipo akaja mzee mmoja kutoka Mwazye, mwenye mashine ya kusaga mahindi na ulezi. Alileta shafti mpya, ule mhimili unaozungusha mashine, ya chuma kigumu kweli, tuipunguze iingie kwenye beringi. Akakaa kwenye benchi atazame. Niliposhika chupa yangu, kaka akanitolea macho.

"Tumia maji. Usitutie aibu mbele ya mzee."

Kwetu mdogo hamkosoi kaka yake mbele ya mgeni. Nilijua, nikaiweka chupa chini. Maji yalichemka, na shafti ikatoka na madoa ya bluu, dalili kwamba imeungua na huenda ndani ina nyufa zisizoonekana. Kaka akanirushia msasa. Niliyafuta yale madoa kwa mkono wangu huu huu, na mzee akasifu jinsi shafti inavyong'aa.

Shafti ilikatika wakati wa mavuno, watu wakiwa kwenye foleni ya kusaga. Puli, lile gurudumu la mkanda, ilichomoka ikamponda mzee mkono wa kulia.

Mficha uchi hazai, na sisi tulificha harufu ya mafuta. Siku hizi dripu inaning'inia karakanani, na kaka anawaonyesha wateja kama ubunifu wake. Ananichefua. Mimi mwenyewe najichefua zaidi.

Juzi nilikutana na mzee sokoni mjini, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu." Akaninyooshea mkono wa kushoto. "Uniwie radhi kwa mkono huu. Nyie kazi yenu mliifanya vizuri. Ilikuwa bahati yangu tu."

Nikaupokea ule mkono kwa mkono wangu huu huu uliofuta madoa.