Nusu ya Jina la Hamira

Kwete inapochacha huwa na harufu mbili, na mtu aliyekua karibu nayo hazichanganyi. Asubuhi mahindi yaliyolowekwa na kukaangwa hunuka ukali wa maziwa yaliyolala. Jioni ukali ule hurudi nyuma, ikaja harufu tamu na nzito ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Uani kwetu, katika mtaa wa Nyakasanza mjini Bunia, harufu hizo zilitoka kwenye pipa la Mama Ngabu, mjane aliyekimbia milima ya Kpandroma na watoto wake akajenga kibanda cha turubai nyuma ya jiko letu. Alipika kwete, pombe ya mahindi, akaiuza kwa vikombe. Upande wa pili wa ua huohuo mama yangu alikuwa na tanuri la udongo na alioka mikate, kazi aliyotoka nayo kwao Butembo. Harufu ya mkate ilikuwa ya tatu. Kwa muda mrefu niliamini kwamba haina undugu wowote na zile mbili, na kanisani hakuna aliyenisahihisha.

Ilikuwa miaka ile ambayo redio iliiita ya amani. Askari wa kofia za bluu walipita na magari yao meupe, soko lilijaa, na bado watu wazima walilala viatu vikiwa karibu na mlango. Njia ilifunguliwa wiki moja, wiki iliyofuata mchuuzi akarudi kutoka Marabo na mzigo wake vilevile alivyoondoka nao, akisema hapapitiki. Sisi watoto tulifundishwa adabu ya vizuizi vya barabarani, barieri kama tulivyoviita, kabla ya adabu ya mezani: mtu mwenye bunduki akikuuliza jina, taja lile la ubatizo, kisha nyamaza. Mimi ni Masika, jina la binti wa kwanza kwa Wanande, na ukilitaja umekwisha kusema kwenu ni wapi na lugha yenu ni ipi. Barabarani nilikuwa Esteri tu. Ngabu, mtoto wa kwanza wa jirani yetu, alikuwa na nafuu kidogo, maana jina lake hupatikana pande zote mbili zilizopigana. Mama yake alisema kwa utani kwamba marehemu mumewe alimpa jina lile kama mtu anayenunua mwavuli kiangazi.

Msimu ninaoukumbuka ni ule ambao njia zote zilifungwa kwa pamoja, ya Butembo na ya ziwani, na hamira ikaisha mjini. Levire, kama tulivyoiita, ilikuja katika makopo kutoka Uganda. Maduka yakabaki na biskuti na sabuni. Mama alikuwa na kijiko kimoja tu chini ya kopo la mwisho, akakifunga kwa kitambaa akisema ni cha siku mbaya, kana kwamba siku ile ilikuwa nzuri. Tatizo lake halikuwa biashara peke yake. Yeye ndiye aliyeoka mkate wa Meza ya Bwana katika kanisa letu la Kiprotestanti, kazi aliyoipata baada ya miaka ya kuonekana mgeni kutoka Kivu, na aliishika kama watu wengine wanavyoshika cheo. Jumapili ya Meza ilikuwa inakaribia. Akajaribu kuoka bila hamira, ikatoka kitu ambacho hata mbuzi wa jirani alikinusa akaenda zake.

Mama Ngabu aliyaona hayo yote kutoka kwenye pipa lake. Alikuja na bakuli la mashapo ya kwete, ule uji wa kijivu unaotuama chini pombe ikishachujwa, akaliweka juu ya meza ya unga. Alisema, "Mama Masika, kamata hii. Kama inavimbisha kwete, unga ya ngano haiwezi kuishinda." Mama akarudi hatua moja nyuma. Kanisa letu halikugusa pombe. Hata kikombe cha Meza tulikijaza maji ya marakuja, yale matunda ya pasheni. "Na wazee wa kanisa, nitawaambia nini?" akauliza. Mama Ngabu akacheka. "Uwaambie mukate imevimba." Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini hawakusema ufanye nini rafiki akija na bakuli la pombe. Mama alilitazama bakuli mpaka nzi wakalizingira, kisha akalifunika na kuchukua unga.

Mkate ulivimba polepole, ukatoka na ganda gumu na uchachu kidogo ndani. Mpaka leo sijala mkate uliouzidi ule. Mama Ngabu alikuwa wa kwanza kuuonja, watu wakaununua siku mbili wakiusifu, na siku ya tatu mtu fulani akaunganisha mambo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja: ikasemwa kwamba mama yangu, mke wa mwalimu, anawalisha watu pombe iliyookwa, kwamba mtoto mmoja alikula kipande akalala darasani, kwamba Meza ya Bwana itaandaliwa kwa kwete. Wazee wa kanisa wakatuma neno. Kama mkate ule ulikuwa pombe, mama angewekwa kando, asioke wala asikaribie Meza, na katika mji ambao kanisa ndilo lililokuwa ukoo wetu wa pekee, kuwekwa kando kulikuwa ni kubaki bila watu. Mama alilia jikoni huku akiendelea kukanda. Niliogopa kuliko nilivyoogopa milio ya risasi, kwa sababu risasi nilishazoea.

Baba alifundisha biolojia katika shule ya sekondari. Alikuwa mtu wa maneno machache na mwenye kiburi kidogo kuhusu hadubini ya shule, ambayo aliiokoa wakati wa uporaji kwa kuizika ndani ya gunia la maharage. Aliwaomba wazee waje nyumbani, na wakaja na Pasteri jioni moja, wakiwa wamevaa makoti. Mama Ngabu naye aliitwa ili aeleze anavyopika. Baba aliweka mezani chupa mbili za maji ya sukari. Katika moja alitia kile kijiko cha mwisho cha mama, katika nyingine mashapo ya kwete, na juu ya kila chupa akafunga glavu ya hospitali. Tukakaa. Glavu ya kopo ilianza kuinuka mapema, kidole baada ya kidole; ile ya kwete ilichelewa, nayo ikainuka. Zikasimama zote mbili juu ya meza kama wajumbe waliokwisha kupiga kura. Mzee mmoja alicheka, akakohoa ili kuficha kicheko chake.

Kisha wakainama kwenye hadubini kwa zamu. Katika tone la kopo waliona vitu vya mviringo, kama mayai, vingine vikiwa na kichipukizi ubavuni. Katika tone la kwete waliona mayai yaleyale na vichipukizi vyake, na kati yao vijiti vidogo sana. Baba hakuvificha vile vijiti. Alieleza kwamba ni bakteria, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa, na kwamba ndio walioleta uchachu. Pasteri, ambaye kila mtu alijua anavyopenda maziwa ya kuganda, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akabaki na swali moja, akaliuliza kwa Kiswahili chetu cha kila siku, ambamo neno moja linafanya kazi ya aina na ya ukoo. "Mwalimu, utuambie vizuri. Hii levire iko kabila gani? Ya mukate ao ya pombe?"

Neno lile, kwa sauti ile ya kutaka jibu, kila mtu pale alikuwa amelisikia kwenye kizuizi. Mama Ngabu aliangalia miguu yake. Nadhani Pasteri mwenyewe alilisikia lilipokwisha kutoka, maana alianza kupangusa miwani. Baba alisema, "Pasteri, kabila miye siulizake. Ninaulizaka inakula nini, inazala namna gani, na inaacha nini nyuma yake." Akaeleza kwamba hizi mbili zote zinakula sukari, zote zinazaa kwa kuchipua, zote zinaacha hewa na kilevi kidogo, na kwamba katika mkate, moto wa tanuri hukifukuza kilevi chenyewe. Mzee mmoja akauliza kama ina jina. "Iko nalo. Saccharomyces." Na maana yake? "Kuvu ya sukari." Yule mzee akawageukia wenzake. "Basi, sukari haiko zambi," akasema, na makoti yakalegea.

Hukumu ilitolewa palepale. Pasteri alisema mkate upite, moto umeusafisha, na mama aendelee na kazi yake. Mama akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ndipo Mama Ngabu aliposimama. Kwao Kpandroma alikuwa mshiriki, kanisa lao likachomwa, na tangu afike Bunia alikuwa hajapokewa popote. Akaomba na yeye aje kwenye Meza. Pasteri hakuwa mtu mbaya. Alimjibu kwa upole: "Mama, uache kwanza kupika pombe, ndiyo tutakupokea." Mama Ngabu akauliza watoto wake watakula nini. Akaambiwa Mungu atatoa. Alichukua bakuli lake, akasema bila hasira, "Sawa. Levire yangu imepita, miye nabakia ku mulango." Hakuna aliyemjibu, hata baba, hata mama.

Jumapili ile mama alikwenda mbele na akala. Nasema wazi kwamba nilifurahi. Tulikuwa tumerudi kwa watu. Mama Ngabu alisimama nyuma na wale wasioshiriki, na sinia lilipopita alilifuata kwa macho kama mtu anayemwona mwanawe akipita mikononi mwa wengine. Jioni mama alimpelekea mkate mzima wa unga uleule. Aliupokea, akashukuru, akawagawia watoto, lakini yeye hakuula. Makopo yaliporudi madukani mama aliacha kuomba mashapo, na njia ya kwenda milimani ilipotulia Mama Ngabu alirudi kwao.

Siku hizi kazi yangu ni kuainisha hamira katika maabara. Ilikuwa chuoni nilipojifunza kwamba jina lile lina nusu ya pili, cerevisiae, na maana yake ni ya bia. Mikate ya makanisa yote ya Bunia huvimbishwa na kiumbe chenye jina la pombe. Nilimpigia baba simu nikicheka. Alikuwa anajua tangu mwanzo. "Waliuliza jina," akasema. "Niliwapa ile ya ku barieri." Nikamweleza pia jinsi kazi ilivyobadilika. Zamani hamira ililishwa sukari moja baada ya nyingine, ikaandikwa inakubali ipi na inakataa ipi, kama alivyofundisha yeye. Sasa tunasoma nasaba yake ndani ya chembe zake za urithi, na nyingi tulizoziita ndugu kwa kula pamoja zimeonekana kuwa wageni kabisa. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Njia hii inakosea mara chache zaidi, nami naitumia bila majuto. Baba akasema, "Basi mumerudilia kuuliza kabila." Nilitafuta jibu la kisayansi, na ninalo, lakini halikufaa kwa simu ile.

Mama Ngabu yuko Bunia tena, kwa maana milima imewaka tena. Mwaka jana nilikwenda kuwasalimu wazazi, na Jumapili ilikuwa ya Meza. Nyakasanza ina nyumba za matofali sasa, na hamira inauzwa kila kona katika pakiti ndogo. Mama Ngabu amezeeka, mabega yamekwisha, hawezi tena kutwanga kimea wala kuinua pipa, kwa hiyo hapiki kwete. Kwa sababu hapiki, wamempokea. Alikaa kati ya mama na mimi, akachukua kipande kutoka kwenye sinia, akakitafuna taratibu, macho yamefumbwa. Kisha akainama sikioni kwa mama, akanong'ona, "Ile yangu ilikuwa tamu kupita hii."

Mama hakugeuka. "Ninajua," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya kanisa zima.