Siku Eliza Alipotunga Sentensi ya "Give Up"

Enzi zetu, wenzangu, mnazipamba sana. Kila jioni kwenye kundi letu la simu mnakumbushana baridi ya Juni pale Tunduma, tulivyokwenda shule na hindi la kuchoma mfukoni ili vidole vipate moto, magari ya waya tuliyoyapanga foleni kama malori ya mpakani, rede tuliyocheza mpaka mama zetu waanze kutuita kwa ukali. Nami nacheka. Chikanda ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ile ya viazi vya porini na karanga, naitamani hadi leo. Wanangu wakiionja wanauliza kama chipsi hakuna. Mpaka hapo tuko pamoja. Lakini juzi mmoja wenu akaandika kwamba Mwalimu Grama alitunyoosha, ndiyo maana tunajua Kiingereza, nanyi mkamshangilia. Hasira ikanipanda, na mpaka sasa haijashuka.

Kwani mmemsahau Eliza?

Tuliketi dawati moja, darasa la sita. Alikuwa mwembamba, mpole, sweta lake limefumuka kiwikoni. Aliishi na mama yake kwenye chumba cha kupanga karibu na reli. Siku ile Mwalimu, ambaye sisi tulimwita Grama kwa kupenda kwake sarufi, aliandika ubaoni "give up". Akatueleza kwamba maneno hayo mawili yakikaa pamoja yanabeba maana nyingi: kuacha tabia, kukata tamaa, na pia kumwachia mwingine kilicho chako. Kisha akataka sentensi. Mmoja akasema mjomba wake "gave up smoking", akapigiwa makofi. Mwingine akasema "Don't give up", makofi tena.

Eliza akanyoosha mkono. Eliza, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono!

"My mother gave up me," akasema. "To my aunt in Nakonde."

Grama akagonga meza kwa fimbo. "Hiyo 'me' inakaa wapi?"

Eliza akautazama ubao.

"Nauliza, inakaa wapi? Katikati! Gave me up! Sema!"

Akakosea, akachapwa mkononi. Akakosea tena, akachapwa tena. Machozi yakamtoka, naye akaendelea kuirudia, mama yangu kanitoa, mama yangu kanitoa, kwa Kiingereza, mpaka ile "me" ikakaa katikati.

"Safi. Mpigieni kilo."

Tukampigia makofi ya kilo, darasa zima.

Wakati wa mapumziko aliniambia kwamba Jumamosi shangazi yake angekuja kumchukua akamsaidie kwenye baa yake ng'ambo, na shule basi. Nilikwenda hadi mlango wa ofisi ya walimu, nikamwambia Grama. Alikuwa anakunywa chai.

"Ile ilikuwa sentensi ya mfano," akasema. "Nenda darasani."

Nikamwambia mama. Mama akasema, "Mambo ya nyumba ya watu usiyabebe." Jumatatu nilikaa dawatini peke yangu. Grama alipoita majina na kumkosa Eliza, alisema mtoro, akaendelea na jina lililofuata.

Mwaka jana nilivuka kwenda Nakonde kununua nguo, nikamkuta sokoni anauza mchele. Aliniita yeye kwanza. Anaongea Kibemba na wateja wake kama amezaliwa huko. Alinipa kiti, akanisimulia: miaka ya kuosha glasi, walevi wa kukwepa, mama yake aliyekuja mara moja tu. Shule hakuiona tena.

"Kwa Kiswahili nisingethubutu kulisema jambo lile," akaniambia. "Nyumbani niliambiwa nisimwambie mtu. Nikaona kwa Kiingereza siyo kusema. Nilitaka tu Mwalimu aniulize, 'Eliza, ni kweli?'"

Akainuka, akampimia mteja mchele.

Kwa hiyo msiniletee habari za kunyooshwa. Mtu mzima alisikia mtoto anatupwa, akasahihisha mpangilio wa maneno! Na sisi tunaita hayo malezi.

Watoto wa leo, ndiyo, wana kasoro zao. Rede hawaijui, baridi kidogo wanajifunika blanketi, Kiingereza chao ni cha katuni. Juzi binti yangu alimwambia mwalimu wake mbele ya darasa, "Mwalimu, hujanisikiliza." Jirani akashika kichwa: watoto hawa hawana adabu, siyo kama sisi.

Ni kweli, siyo kama sisi. Sisi tulikuwa na adabu, na Eliza alitushinda wote. Makofi yale yalipokwisha, kabla ya kukaa, alifuta machozi kwa mkono uliovimba, akasema, "Asante, Mwalimu."