Mke Aliyenikalia Eda Nikiwa Hai

Kuandika sijui sana, nina madrasa na darasa la nne tu. Nitaandika ilivyokuwa, na pale nilipokosa uungwana sitapaficha.

Nilitoroka Msumbiji enzi za chama kimoja, walipokuwa wakimkamata mjini kila asiye na kadi ya kazi na kumpeleka kambini kufunzwa upya. Nilikuwa na mke wa ndoa ya miezi saba. Nikafika Johannesburg, nikapata cherehani kwa fundi mmoja wa mtaa wa Mayfair. Kule nyumbani watu wa chama walimsumbua mke wangu kila wiki wakimuuliza nilipo. Nikamtuma dereva mmoja wa safari za huko amwambie nimekufa, ili wamwache. Hivyo ndivyo ninavyopenda kuisimulia. Lakini nilishaanza kuishi na mwanamke wa Soweto, kwa hiyo sina hakika kifo kile kilikuwa cha kumsaidia nani.

Mwaka jana yule wa Soweto alifariki. Nikapanda basi kwenda kumchukua mke wangu.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Aliniangalia sana, akaendelea kupepeta.

"Siku hizi maiti hupanda basi, kaka?"

Akanieleza taratibu: walinisomea hitima, akanikalia eda miezi minne na siku kumi, kisha akaolewa na mwalimu wa madrasa, wakazaa watoto watano. Nikasema nimekuja kumchukua. Hakukasirika. Alisema shida yake moja tu: kama niko hai na sijatoa talaka, wale watoto ni nini?

"Niache. Neno moja tu, kisha ule wali, uende."

Haki ilikuwa yake, nilijua. Nikamwambia nitafikiri. Nilitaka aniombe tena. Akaniomba tena, mbele ya binti yake mkubwa, nami nikaondoka sijalisema.

Miezi mitatu nilishona kanzu za watu huku moyoni naona raha, Mungu anisamehe. Kisha sheikh mmoja hapa Johannesburg akaniambia talaka hupita hata kwa simu. Nikapiga, nikasema nimekuacha.

Akasema mumewe alihama siku ile ile niliyoondoka, kwa kuogopa dhambi, akakaa kwa dada yake kungoja neno langu.

"Amezikwa wiki iliyopita. Eda wamenikataza. Wanasema mimi mke wako."

Nikamuuliza marehemu alikuwa anaumwa nini. Ndilo lililonijia. Akakata simu.