Talaka ya Kuokoa Nyumba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliketi mbele ya wakili mjini Mbale nimevaa kanzu safi iliyopigwa pasi, kana kwamba wanaofilisika ni wachafu peke yao.

Vita vilikuwa vimepita, na vilipita na duka langu la Jinja. Askari waliokuwa wakikimbia walibeba vitambaa, mizani, hata milango. Amani iliporudi nikakopa benki nianze upya, nikaweka rehani nyumba yetu ya Wanyange. Mzigo wangu wa kwanza kutoka Kenya ukaporwa njiani na watu wenye bunduki. Amani ya siku zile ilikuwa jina tu. Nikashindwa kulipa, benki ikaniarifu kwamba nyumba itapigwa mnada.

Yule wakili hakunidanganya. Alinieleza kwamba naweza kwenda mahakamani nikatangazwa muflisi, wadai wakaacha kunivamia mmoja mmoja, nami nikapumua kidogo. Lakini nyumba iko rehani, akasema, na benki ina haki yake kwanza. Afadhali tuombe muda, au niiuze mwenyewe kwa bei ya maana kabla ya mnada. Ila nisifiche kitu. Mimi nilisikia neno muflisi tu, damu ikanichemka. Mtoto wa haji nitangazwe muflisi? Watu wa msikitini wangenitazamaje?

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikamwendea rafiki yangu mmoja, dalali wa magari, mjanja wa kujidai. Akanishauri nimwache mke wangu, niseme nyumba ndiyo mahari niliyokuwa sijamlipa, kisha niende mahakamani mikono mitupu. Mambo yakitulia, turudiane. Talaka moja ingeonekana mchezo, akasema, nitoe tatu.

Nilipomweleza mke wangu Hadija, aliweka chini ungo wa mchele.

"Nyumba ikienda, tutapanga chumba," akasema. "Mimi nikienda, utanipata wapi?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hayo ni maneno ya kuwaonyesha watu.

Sheikh aliyetufungisha ndoa aliniuliza kama tumegombana. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nimekusudia. Nikasema ndiyo, nikazitamka zote tatu mbele ya mashahidi, Hadija akilia ndani ya mtandio wake.

Maji yakimwagika hayazoleki. Benki haikujali mahari wala talaka, maana rehani yake ilitangulia. Nyumba ikaenda kwa bei ya kutupa. Nikamkimbilia sheikh, nikakiri kwamba ilikuwa hila tu, namtaka mke wangu. Akasema, "Talaka haina mzaha. Zikiwa tatu, humrudii mpaka aolewe na mwingine kwa ndoa ya kweli, nayo ivunjike. Ulimwogopa nani, mwanangu? Watu wa msikitini? Hao wasingekunyang'anya mke."

Niliondoka kwake sina nyumba, sina mke. Wallahi, swali lile linanifuata mpaka leo.

Hadija alikaa eda kwa kaka yake kijijini Budondo. Baadaye akaolewa na fundi cherehani wa Mbale, mtu mwema, na watoto wakaenda naye. Sikuthubutu kuomba waachane ili nimrudie. Hiyo ingekuwa dhambi ya pili. Mimi nilipanga chumba karibu na viwanda, nikabeba magunia. Nilikuwa nimefilisika vilevile, na mji mzima ulijua.

Sasa nisikilize wewe, maana nimesikia benki inaitaka nyumba yako. Kufilisika si haramu. Deni humpata hata mcha Mungu. Nenda kwa wakili mapema, mwambie yote, hata yanayokutia haya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mahakama ikikupa nafuu, ipokee. Nyumba isipookoka, iuze kwa mkono wako, mkae na mkeo muone kilichobaki. Ila usimweke mtu wako mbele ya matofali ayakinge.

Mungu akupe riziki ya halali, akuepushe na marafiki wajanja, na kila jioni, popote utakapolala, umkute yule uliyemwoa.