Marehemu Amefaulu Somo la Matangi

Mtu wa kwanza kumaliza mafunzo ya mtandaoni kiwandani kwetu alikuwa ameshazikwa.

Sitanii. Niliwasha kompyuta asubuhi nikaliona jina la Kamanda. Somo la matangi: amefaulu.

Kamanda tulimzika mwezi uliopita.

Sisi tunatengeneza sabuni. Kuna matangi makubwa ya kuchanganyia dawa, na lazima watu washuke ndani kuyasafisha. Siku ile mwenzake alizidiwa na hewa mbaya humo chini, Kamanda akaruka kumtoa. Zimamoto walipofika walimkuta mwenzake bado anapumua.

Kamanda hapana.

Baada ya msiba bosi akataka mafunzo ya usalama, kila mtu asome kwa simu yake. Mimi ndiye ofisa mafunzo.

"Wasipomaliza mwezi huu, nafunga idara yako," akaniambia.

Nikawatumia wote ujumbe. Wakanichunia. Nikabandika matangazo, nikabembeleza, nikazunguka idara kwa idara kama mchuuzi. Wapi. Wakanibatiza Bi Simu.

Kazi kupotea iliniuma, lakini kulikuwa na kibaya zaidi. Tangi lilikaribia kusafishwa tena, na waliopangwa kushuka hawakujua lolote. Nilikuwa silali.

Halafu anafaulu mmoja, naye yuko kaburini.

Nikampigia fundi wa kompyuta. "Mfumo umeharibika?"

"Mfumo hauna shida, dada. Mtu ameingia kwa simu ya marehemu."

Nikaenda nyumbani kwa Kamanda. Mjane wake alinifungulia mlango, simu ya mumewe mkononi.

"Karibu, wifi. Nilijua mtakuja."

Nikakaa.

"Mlimtumia ujumbe kwamba hajaanza masomo," akasema taratibu. "Nilidhani mnamdhihaki."

Hakuna aliyekumbuka kuliondoa jina lake. Nilitamani ardhi inimeze.

"Basi nikafungua. Wifi, msiba mzima nimeambiwa ni mipango ya Mungu. Hakuna aliyenieleza mume wangu alikufaje. Nimeelezwa na simu. Kumbe hewa ile unaweza usiinuse. Kumbe ukimfuata mwenzako bila kamba na mtungi wa hewa, mnaondoka wote."

Kisha akauliza, "Angejua haya, angeshuka?"

"Nadhani angeita watu kwanza."

Akalia. Nami nikalia.

"Na wenzake wameshasoma?"

"Bado. Wanasema hawana muda."

"Watautoa wapi? Kamanda alikuwa anarudi hapa anasinzia na kijiko mkononi. Bando lake, simu yake, usingizi wake. Wapeni muda wa kusoma kazini, wifi."

Nilimpelekea bosi hoja hiyo. Akakataa, uzalishaji utasimama. Nikamwambia basi amweleze mjane mwenyewe, nimekuja naye, yuko hapo nje.

Bosi alitazama mlango.

"Saa moja kila zamu," akasema. "Tumia kompyuta za ofisi."

Mjane aliingia bwalo la chakula, akawasimulia wafanyakazi alichokielewa, hakupaza sauti. Wa kwanza kusogea kwenye kompyuta alikuwa yule aliyeokolewa. Wengine wakavuta viti nyuma yake.

Mwezi ulipoisha, zamu zote zilikuwa zimemaliza. Nikapumua.

Mapema mno.

Siku ya kusafisha tangi bosi aliniita, amefura.

"Umewafundisha nini hawa watu?"

Wasafishaji walikuwa wamesimama kando ya tangi, mikono kifuani. Hakuna kamba, hakuna mitungi ya hewa, hakuna kipima hewa. Hawashuki.

"Somo lako, bosi," nikamjibu. "Wamelielewa."

Alitaka alama za kufaulu tu. Hakuwa amefikiria kwamba watu wakisoma kweli, watadai kilichomo ndani ya somo.

Tangi lilikaa chafu mpaka vifaa vikaletwa. Kila siku iliyopita nilikuwa na uhakika nitafukuzwa. Sikufukuzwa.

Kama nawe umepewa kazi ya kuleta mafunzo ya mtandaoni kazini kwenu, chukua hili kwangu: wape watu muda wa kusoma ndani ya saa za kazi. Na ujiandae, kwa sababu wakishajua, hawatakubali tena kufa kimyakimya.